Tembe za bure za kliniki na sanduku la elfu mbili: nilichotumia Kisumu tangu mimba hadi kunyonyesha

Tembe ya kuongeza damu inayotolewa bure kliniki naipa nyota tano kwa kazi yake, na mbili kwa jinsi tunavyokabidhiwa. Sanduku la vitamini la shilingi elfu mbili nalipa tatu. Kalsiamu nne. Unga wa kuongeza maziwa siupi hata moja. Lakini nyota peke yake hazimfai mama aliyesimama mbele ya kaunta ya kemisti na pesa za wiki nzima mkononi, kwa hivyo nitaeleza, na mahali pengine nitaeleza kwa urefu.

Mimi ni fundi wa nguo Kondele. Nashona sare za shule, vitenge vya harusi, na nguo za kina mama ambao miili yao inabadilika. Mwanamke akiniletea rinda nimpanulie kiunoni hatuhitaji kuulizana sana, tunaingia moja kwa moja kwenye habari za kliniki, kichefuchefu na dawa. "Fundi, huyu wa pili ulimbeba ukitumia gani?" Swali hilo nalijibu karibu kila juma. Mtoto mwenyewe sasa anajaribu kuketi, bado namnyonyesha, na kila kitu ninachokitaja hapa nilikinunua kwa pesa yangu au nilipewa baada ya kupanga foleni kama mama yeyote. Hakuna aliyenilipa niseme neno.

Nianze na ile ya bure, kwa kuwa ndiyo inayodharauliwa. Mama akipewa bahasha ya tembe bila sanduku, bila picha ya mwanamke mzungu anayetabasamu, anaona amepewa kitu cha maskini. Nimewasikia wakisema, "Hizo za kliniki nilizitupa, nikanunua nzuri." Inaniuma kila nikisikia, kwa sababu tembe hiyo moja ina madini ya chuma miligramu 60 na asidi ya foliki mikrogramu 400, yaani miligramu 0.4. Ndio mchanganyiko uliowekwa na sera ya taifa kwa kila mjamzito Kenya: tembe moja kila siku hadi kujifungua, bila malipo katika vituo vya serikali. Shirika la Afya Duniani linapendekeza chuma kati ya miligramu 30 na 60 kwa siku, na kipimo cha juu ndicho linachokitaka mahali ambapo wajawazito wengi wamepungukiwa na damu. Huku kwetu kanda ya ziwa sababu zimejaa. Mimba huongeza damu ya mama kwa karibu nusu, mtoto naye anajiwekea akiba yake ya chuma, halafu malaria inavunja chembe nyekundu na minyoo ya safura inanyonya kilichobaki. Ndiyo maana kliniki hukupa pia dawa ya minyoo miezi mitatu ya kwanza ikishapita. Siku ya kujifungua mama atapoteza damu, na aliyeingia leba na damu kidogo hana cha kupoteza.

Sasa geuza lile sanduku la elfu mbili usome nyuma. Nililolinunua mimi lina vitamini na madini mengi: D, B12, zinki, iodini, foliki mikrogramu 400 sawasawa na ya kliniki. Lakini chuma chake hakifiki miligramu 20. Si udanganyifu, limeandikwa wazi, na huenda linamtosha mama wa London anayekula nyama kila siku na hajawahi kuumwa na mbu wa malaria. Mama wa mtaa wa Manyatta hapa Kisumu akiacha tembe ya bure na kumeza hili badala yake, amelipa elfu mbili ili apate chuma chini ya theluthi moja ya kile alichokuwa akipewa bure. Hiyo ndiyo sababu ya nyota tatu. Vilivyomo ni vizuri, na kama mfuko unaruhusu na mlo wako ni finyu, litakusaidia kwa zinki, B12 na D. Litumie pamoja na tembe ya kliniki, ukimwonyesha sista sanduku lenyewe ili ajumlishe kipimo, kisha akuambie uendelee vipi.

Kuna jambo moja la lebo linalowachanganya hata wasomi. Chupa inaweza kuandika "ferasi salfeti miligramu 200", mama akafikiri hiyo ni chuma 200, mara tatu zaidi ya ile ya kliniki. Hapana. Hiyo 200 ni uzito wa chumvi nzima ambayo chuma kimefungwa ndani yake, na chuma chenyewe ni kama 65. Ferasi fumareti ya 200 pia inatoa karibu 65. Ferasi glukoneti ya 300 inatoa 35 tu. Kwa hivyo uliza swali moja kwenye kaunta: "Chuma chenyewe ni miligramu ngapi?" Mfamasia anayejua kazi yake atakujibu papo hapo au atageuza chupa mtafute pamoja. Pale ninaponunua mimi, kibanda kidogo cha kemisti upande wa juu wa Kondele, kijana aliyepo anatoa kalamu na kukupigia hesabu. Nimeingia pia maduka makubwa yenye kiyoyozi mjini ambako niliambiwa tu, "Hii ndiyo wanawake wengi wananunua." Bei si kipimo cha maarifa ya anayekuuzia.

Kuhusu foliki naomba nisikilizwe kwa makini, hasa na wasichana wanaopanga kuolewa. Kazi kubwa ya foliki ni kusaidia kufunga ule mfereji wa neva ambao baadaye unakuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto. Mfereji huo hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Siku 28! Wengi wakati huo hata hawajui kama wamebeba, wanadhani mwezi umechelewa kwa uchovu. Mfereji huo usipofunga vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Sasa angalia desturi yetu ya kuanza kliniki tumbo likishaonekana, mwezi wa tano, wengine wa sita. Tembe utakayopewa hapo itafaa sana kwa damu, ila kwa mgongo wa mtoto muda umeshapita. Ukiwa unapanga mimba, anza foliki ya mikrogramu 400 kila siku kabla, na ukikosa hedhi nenda kliniki wiki hiyohiyo. Msichana aliyekuja kupimwa gauni la harusi mwaka huu nilimwambia hivyo mbele ya mama yake, mama akanitazama kwa mshangao, kisha akasema, "Sema tena, asikie vizuri."

Nije kwa ile tembe ya manjano. Kila kemisti Kisumu anayo, ndogo, bei ya peremende, imeandikwa foliki miligramu 5. Mama anasikia foliki ni nzuri, anaona 5 ni kubwa kuliko 0.4, anachukua. Mahali pengine huenda lisingekuwa jambo zito, lakini sisi tunaishi kanda ya malaria. Hapa kliniki hukumezesha tembe tatu za SP, zile wengi wanaziita Fansidar, mbele ya macho ya sista, kuanzia wiki ya 13, na dozi moja na nyingine zinaachana angalau mwezi. SP inamshinda kimelea wa malaria kwa kumzuia asijitengenezee foliki yake. Ukijaza mwilini foliki ya miligramu 5 kila siku, unamfungulia kimelea mlango wa nyuma. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba foliki ya miligramu 5 au zaidi kwa siku isitolewe pamoja na SP kwa sababu inapunguza nguvu yake. Ile ya 0.4 haina shida hiyo. Kwa hivyo mama anayenunua ya manjano akidhani anamwongezea mtoto, anaweza kuwa anamwondolea kinga ya malaria, na malaria ya kwenye kondo la nyuma inamfanya mtoto azaliwe mwepesi.

Wapo wanaohitaji hiyo dozi kubwa kweli. Mama mwenye selimundu, na kwa upande huu wa Kenya ni wengi, na mama aliyewahi kumzaa mtoto mwenye mgongo wazi, huandikiwa na daktari. Hao wafuate daktari wao na wamuulize waziwazi kuhusu tembe za malaria. Mwenye selimundu aulize pia kuhusu chuma, maana yeye hupimwa kwanza kabla ya kupewa. Na mama anayetumia Septrin (kotrimoksazoli, dawa ya kuzuia maambukizi) kila siku hapewi SP kabisa, hilo sista analijua, ila mkumbushe ukibadilisha kituo.

Jinsi ya kutumia tembe ya damu ndiko tunakopoteza faida yote. Adui wa kwanza ni chai. Najua ninasema nini na ninawaambia watu gani. Sisi huku tunaamka na chai ya maziwa, saa nne chai, jioni chai, mgeni akija chai. Majani ya chai yanakishika chuma tumboni kisiingie mwilini, na maziwa yana kalsiamu ambayo nayo inashindana na chuma kwenye mlango uleule. Mama anayemeza tembe yake kwa kikombe cha chai ya maziwa amepigwa na wawili. Mimi sikuacha chai, ningeumwa kichwa. Tembe niliihamishia usiku, muda mrefu baada ya kikombe cha mwisho, kwa maji na nusu chungwa au maji ya ndimu, kwani vitamini C inasaidia mwili kukichukua chuma. Usiku pia kichefuchefu kinakukuta umelala. Choo kinakuwa cheusi, hilo ni la kawaida, usiogope wala usiache dawa kwa sababu hiyo. Choo kigumu kinaudhi zaidi. Papai, maji mengi na mboga za majani zilinivusha, na kutembea kutoka Kondele hadi soko la Kibuye Jumapili badala ya kupanda boda.

Adui wa pili ni odowa. Pale Kibuye utaiona imepangwa kwa mafungu, lile jiwe laini la udongo ambalo wajawazito wanalitafuna kutwa. Simhukumu anayeila, hamu yake ni kali na mara nyingi ni mwili wenyewe uliopungukiwa na chuma unaolilia kitu. Tatizo ni kwamba udongo huo ukifika tumboni unakikamata chuma na kutoka nacho, kwa hivyo hamu iliyoletwa na upungufu inauongeza upungufu. Juu ya hapo unaweza kubeba mayai ya minyoo na hata madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mteja wangu mmoja alikuwa anaweka kipande mfukoni kama mwingine anavyoweka simu. Nilimwomba aende akapimwe damu na amwambie sista ukweli kuhusu odowa. Alikutwa chini sana. Akaandikiwa tembe mbili kwa siku kwa muda, damu ilipopanda hamu ikapungua yenyewe. Kipimo cha damu (hemoglobini) unachokitaka kwenye kijitabu chako ni kuanzia 11 kwenda juu. Changu kilikaa juu ya 11 hadi mwisho, na kwangu mimi huo ndio ushahidi wa nyota tano.

Mama mkwe wangu, anayeishi Ugenya, haamini tembe. Alipokuja kunitunza alikuja na gunia dogo la mboga zetu za kienyeji, osuga, dek, boo na mitoo, na omena iliyokaushwa vizuri. "Nyathina (mwanangu), sisi tulizaa tukila hivi." Namheshimu sana, na mengi ni kweli. Omena unaila na mifupa yake, kwa hivyo unapata kalsiamu, na chuma cha samaki kinaingia mwilini kwa urahisi kuliko cha majani. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vinatoa vitamini A ya aina isiyomdhuru mtoto hata ukila sana. Lakini mboga zetu tunazichemsha sana na maji ya kwanza ya uchungu tunayamwaga, na foliki inaondoka na maji hayo na moto. Nilimweleza hivyo kwa adabu, akatikisa kichwa, kesho yake akazipika kwa muda mfupi zaidi bila kuniambia kitu. Tuliendelea hivyo: chakula chake mezani, tembe yangu usiku.

Jambo la unga pia wengi hawalijui. Unga wa mahindi wa pakiti hapa Kenya unatakiwa kisheria kuongezewa chuma, zinki, foliki na vitamini nyingine, tangu 2012. Mahindi uliyopeleka mwenyewe kwenye posho mill hayajaongezewa kitu. Ugali wa posho mtamu, mimi naupenda kuliko wa pakiti, lakini mama anayekula huo tu asiuhesabu unga wake kama dawa. Chumvi ya pakiti ina iodini, na iodini inajenga ubongo wa mtoto tumboni na baadaye kupitia maziwa. Ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, uitie chakula kikikaribia kuiva. Hakuna haja ya kuongeza chumvi, ile ya kawaida inatosha.

Hapa nataja hatari moja tu, kisha niendelee. Vitamini A iliyotoka kwa wanyama, ile inayoitwa retinoli, ikizidi inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha yuniti 10,000 kwa siku. Tembe za ngozi na nywele zinazouzwa mitandaoni, na mafuta ya ini la samaki ya chupa, zinaweza kuwa nayo nyingi, na ukiyachanganya mawili unaweza kupita kikomo. Gramu 100 tu za ini la ng'ombe zinapita kikomo hicho cha siku. Vipande vidogo mara mojamoja sawa, lakini sahani ya ini kila siku "ili damu iongezeke" acha. Masanduku mengi ya wajawazito hayaweki retinoli, angalia lebo iseme beta karotini au isiwe na A kabisa.

Kalsiamu niliandikiwa kwa sababu presha inatembea katika ukoo wetu na maziwa nilikuwa sinywi sana zaidi ya yale ya chai. Kwa watu wanaokula kalsiamu kidogo, Shirika la Afya Duniani linapendekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku wakati wa mimba kupunguza hatari ya presha ya mimba inayoleta kifafa. Kipimo hicho ni kikubwa kuliko watu wanavyofikiri: tembe moja ya miligramu 500 haifiki hata nusu ya ile gramu 1.5, ndiyo maana inagawanywa mara tatu kwa siku pamoja na chakula. Nyota ya tano niliiondoa kwa ajili ya bei, na kwa sababu tembe zenyewe ni nene, zinakwaruza koo kama chaki. Zile za kutafuna ni afadhali. Muhimu ni moja: usimeze kalsiamu na tembe ya damu kwa pamoja. Mimi kalsiamu ilikwenda na chai asubuhi, na mlo wa mchana, na wa jioni mapema. Chuma kilibaki na usiku wake.

Baada ya kujifungua watu wanafikiri mambo yamekwisha. Mahali ambapo wajawazito wengi hupungukiwa na damu, Shirika la Afya Duniani linashauri mama aendelee na chuma kwa wiki 6 hadi 12. Mimi niliendelea. Lakini nielezee kitu ambacho kilinisaidia kutulia: chuma ninachomeza hakiongezi chuma kwenye maziwa yangu. Mwili unaweka kiwango chake pale bila kujali. Kalsiamu vivyo hivyo, maziwa yanaipata hata kama inabidi itolewe kwenye mifupa yangu, kisha mifupa hujirudishia mtoto akishaachishwa. Kwa hivyo hizo mbili ni za mama, za nguvu zake na mwili wake. Zinazoonekana kwenye maziwa ni nyingine: iodini, vitamini A, D, na nyingi za kundi la B. Mama asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa anaweza kumnyima mtoto B12 bila kujua, na huyo ndiye ningemwambia atumie pesa zake kwenye lile sanduku bila kusita. Mimi ninayekula omena na mayai niliacha sanduku mtoto alipofikisha miezi mitatu, nikatumia pesa hizo kununua mayai zaidi.

Mtoto hahitaji dawa ya matone ya vitamini A ya kununua. Akifika miezi sita kliniki inampa bure kile kidonge cha bluu cha yuniti 100,000, kinakatwa ncha na kukamuliwa mdomoni, na baada ya mwaka kile chekundu cha 200,000. Usirudie nyumbani.

Unga wa kuongeza maziwa nauzungumzia kwa hasira kidogo. Nilinunua kopo moja lililotangazwa sana mtandaoni, bei ya mifuko kadhaa ya unga wa ugali. Ndani, kwa kusoma lebo, kuna uwatu, sukari, na vitamini za kawaida. Maziwa yangu hayakubadilika. Kilichoyabadilisha ni sista wa kliniki aliyenisogeza mgongo, akamshika mtoto kichwa, akaonyesha ashike titi lote na si chuchu tu, kisha akaniambia nimnyonyeshe usiku kila anapoamka. Maziwa hutengenezwa kadiri yanavyotolewa. Uji wa wimbi, nyoyo (mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja) na maji mengi vilinipa nguvu ya kuketi na kunyonyesha, na hilo ni jambo kubwa. Uwatu unaweza kushusha sukari ya mwili, kwa hivyo mama mwenye kisukari asijaribu bila daktari. Anayewauzia kina mama wachovu kopo hilo kwa ahadi ya siku tatu anawaonea.

Sasa zile nyota mbili. Kituo nilichohudhuria sitakitaja, wahudumu wake wanafanya kazi ya watu watatu kila mmoja. Lakini tembe nilipewa kwenye kibahasha cha plastiki kilichoandikwa kwa kalamu "1 x 1" tu. Hakuna neno kuhusu chai. Hakuna neno kuhusu choo cheusi, ndiyo maana wanawake wanaogopa na kuzitupa. Kwa joto la Kisumu tembe zinatoa jasho na kushikamana, rangi inabaki vidoleni. Zaidi ya yote, kibahasha hicho mtoto wa miaka miwili anakifungua kwa meno, na tembe nyekundu tamu kwa nje ni kama peremende kwake. Chuma kikizidi kinaua mtoto mdogo, tembe chache tu zinatosha kumfikisha hospitali. Mimi nilizihamishia kwenye chupa tupu ya dawa yenye kifuniko cha kubonyeza, nikaiweka juu ya kabati la nguo ambako kifungua mimba wangu hafiki. Kaunti ingechapisha karatasi ndogo ya mistari minne kwa Kiswahili na Dholuo iingie ndani ya kila bahasha, gharama yake ni ndogo kuliko dripu moja ya damu. Na mwezi mmoja tembe zilikuwa hazipo kabisa, tukaambiwa tukanunue.

Hilo la kununua likikupata, ingia kemisti yenye leseni ukutani, na uombe tembe yenye chuma 60 na foliki 0.4 kwa pamoja. Mimi nililipa kama mia tatu kwa za mwezi mzima. Ukiambiwa hiyo haipo, uliza chuma na foliki ya 0.4 mbalimbali, na ile ya manjano ya 5 irudishe kama hukuandikiwa na daktari. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Sema mapema kama unameza dawa nyingine yoyote, hasa ya presha, kifafa au ARV, kwa sababu madini yanaweza kuizuia dawa isiingie vizuri mwilini. Kisha andika ulichonunua kwenye kijitabu chako cha mama na mtoto, jina na kipimo, ili sista akione kabla hajakupa SP.